Ubora wa huduma haujifunzwi kwenye ukumbi wa hoteli

Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na shirika lake la misaada, USAID, kufungwa rasmi Julai 1 mwaka huohuo, kuna kauli inayozunguka katika ofisi za afya za Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira: kazi ya kuboresha huduma imekwisha, maana hakuna tena wa kulipia semina. Anayesema hivyo si mvivu. Amepoteza perdiemu, posho ya siku ya semina, iliyokuwa ikimsaidia kulipa karo ya watoto, na tangu benki zilipofungwa Februari 2025 kila faranga ina kazi yake inayoisubiri. Ila kauli yenyewe inachanganya mambo mawili. Dawa zilizokuwa zikinunuliwa kwa fedha za miradi zimepungua, na hilo ni pigo la kweli. Ubora ni habari nyingine. Mbinu za kuuboresha hazikuwahi kufundishwa sawasawa na zile semina za siku tano, kwa hiyo haziwezi kuzikwa pamoja nazo. Zinajifunzwa kazini, juu ya rejista ya kituo chenyewe, mbele ya mtu anayerudi kila baada ya wiki mbili na kuuliza maswali yaleyale. Kama kuna cha kulilia, tumlilie huyo anayerudi. Ukumbi wa hoteli na uende zake.

Mbinu zenyewe hazikuzaliwa hospitalini. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mhandisi katika tasnia ya simu ya Marekani, alichora grafu ya kutenganisha kupandashuka kwa kawaida kwa kazi yoyote na badiliko lenye sababu yake maalumu. W. Edwards Deming aliichukua fikra hiyo akaifundisha Japani kuanzia 1950, ikakomaa viwandani huko. Kwa upande wa afya, Avedis Donabedian aliandika mwaka 1966 kwamba ubora hutazamwa kwa mafungu matatu: vilivyopo, vinavyotendwa na matokeo yake. Kisha Taasisi ya Uboreshaji wa Huduma za Afya ya Boston, IHI, iliyoanzishwa mwaka 1991, ikazisambaza hospitalini zikiwa zimefupishwa kuwa maswali matatu. Tunataka kufikia nini? Tutajuaje kwamba badiliko limeleta nafuu? Tujaribu badiliko gani? Baada ya hapo ni mzunguko: panga, tenda, chunguza, rekebisha, anza tena. Hayo yanakaririwa kwa dakika kumi, na hapo ndipo semina inapodanganya, kwa sababu mshiriki anarudi kituoni akijua maneno yote ilhali hajafanya hata mzunguko mmoja.

Kwetu mbinu hizi zilifika vipandevipande. Kivu ya Kusini ni miongoni mwa majimbo yaliyotangulia nchini kujaribu malipo kwa matokeo, katikati ya miaka ya 2000, na pamoja nayo ikaja gridi ya ubora: mtathmini anapita, anaweka alama, na asilimia inayopatikana inaamua ukubwa wa bonasi. Gridi ilifanya mambo mazuri. Vyoo vilijengwa, mashimo ya taka yakachimbwa, rejista zikapigwa mistari. Lakini ilizoesha watu kuusoma ubora kama mtihani wa shule, na mtihani huandaliwa usiku wa kuamkia. Zikaja pia S tano kutoka Japani, hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo jirani zetu Watanzania walizipokea mapema wakaziita Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Vituo vingi hufika S ya tatu kwa shangwe, sakafu ikapigwa mishale ya rangi na kabati zikaandikwa majina, kisha hiyo ya tano, Shikilia, ikangoja mtathmini mwingine.

Wakati huohuo tunacho chombo ambacho hakuna mradi uliokitengeneza peke yake. Kila zoni ya afya ina supervizio, yaani ziara za usimamizi vituoni. Kila mwezi kuna mkutano wa monitoraji, ambako titulere, muuguzi mkuu wa kituo, anakuja na takwimu zake. Kila kituo kinajaza kanevasi, fomu ya ripoti ya SNIS, mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya, na ofisi ya zoni inaingiza namba hizo katika DHIS2, programu ya kompyuta ya takwimu hizo. Tatizo ni mwelekeo: namba zinapanda kuelekea zoni, divisheni ya jimbo na Kinshasa, na hazirudi. Muulize muuguzi wa materniti ni asilimia ngapi ya wanawake waliojifungulia kwake walipata oksitosini, dawa ya kuzuia kutokwa damu baada ya uzazi, kwa wakati mwezi uliopita. Atakuelekeza kwa anayetunza kanevasi. Aliyetenda kazi hajui matokeo ya kazi yake, na anayeyajua hakushika sindano. Pengo hilo halizibwi kwa kuongeza mafunzo.

Ushahidi wa jambo hili ni mpana. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health, yakikusanya tafiti 337 za mikakati ya kuboresha utendaji wa wahudumu katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yalikuta kwamba mafunzo peke yake hupandisha utendaji kwa takribani pointi 10 za asilimia. Supervizio peke yake, takribani 15. Karatasi na mabango yaliyochapishwa, kama pointi 1 hivi, jambo ambalo lingewashangaza wanaofunika kuta za vituo vyetu kwa mabango yaliyovikwa plastiki. Timu kukaa pamoja kutatua tatizo lao lenyewe kulizidi pointi 25, na zaidi pale kulipoambatana na mafunzo. Waandishi wanaonya kwamba tafiti za kundi hili la mwisho ni chache na ubora wake ni hafifu, kwa hiyo asitokee mtu wa kuahidi muujiza. Mpangilio wa ngazi, hata hivyo, unasema kitu. Na modeli ya IHI yenyewe ya kukutanisha hospitali nyingi haikuwa semina: ilikuwa na vikao vitatu hivi katika miezi sita hadi kumi na tano, na kati ya kikao na kikao kulikuwa na miezi ya kazi ambamo timu ilijaribu, ilipima na kutembelewa. Sisi tulichukua vikao tukaacha miezi.

Tuone kazi hiyo ya kati inavyokuwa. Tuchukue materniti ya mjini yenye uzazi kama 60 kwa mwezi, na lengo moja tu: kila mama apate oksitosini yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ili kuzuia kutokwa damu. Kosa la kwanza hufanyika hapa, kabla hata ya kuanza. Timu huandika lengo la kupunguza vifo vya mama. Katika kituo cha uzazi 720 kwa mwaka, namba ya vifo itakuwa sifuri miezi mingi na moja mwezi mmoja, na grafu ya namna hiyo haimfundishi mtu chochote. Tunapima kitendo kinachojulikana kuzuia kifo, na lengo linasema nani, kiasi gani, lini: mama tisa kati ya kumi, ndani ya miezi minne. Kosa la pili ni kuanza na viashiria vitano. Kimoja kinatosha, pamoja na kingine cha kulinda usalama, nitakachokieleza.

Halafu kipimo. Rejista haitoshi, kwa sababu safu ya oksitosini hujazwa mwishoni mwa zamu kwa alama za ndiyo zilizofuatana kama mistari ya daftari la mwanafunzi aliyeadhibiwa. Inahitajika saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, mbele ya kitanda cha kuzalia, na mtu wa kuandika ambaye siye anayezalisha; stajieri, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya vitendo, anafaa sana. Anaandika nyakati mbili: mtoto ametoka kamili, sindano imeingia. Uzazi kumi kwa wiki unatosha, mradi usichaguliwe ule wa mchana tu wakati daktari yuko. Tuseme wiki kumi na mbili za kwanza zinatoa, kati ya mama kumi, 4, 6, 5, 3, 6, 5, 7, 4, 5, 6, 5, 4. Ukizipanga kuanzia ndogo, ya katikati ni 5: huo ndio mstari wa katikati, unaochorwa kwa rula katikati ya grafu. Sasa angalia kinachotokea kwenye ripoti nyingi. Semina ilifanyika wiki ya tano. Mwandishi wa ripoti anachukua wiki ya nne, 3, anachukua ya saba, 7, na anaandika kwamba mafunzo yamepandisha utendaji kutoka asilimia 30 hadi 70. Hakuna kilichobadilika, wiki ya nane ni 4. Kulinganisha nukta mbili ni ugonjwa wa ripoti zetu, na dawa yake ni karatasi ya mraba na penseli. Kanuni za kusoma grafu hii ni chache: nukta sita au zaidi zikifuatana upande mmoja wa mstari, bila kuhesabu zile zilizoangukia kwenye mstari wenyewe, kuna badiliko. Nukta tano zikifuatana zote zikipanda au zote zikishuka, kuna mwelekeo. Chini ya nukta kumi, ngoja kwanza.

Kwa nini mama watano tu? Hapo ndipo timu inakaa, na iwe ya watu wanne hadi sita: mkunga, muuguzi wa zamu ya usiku, anayetunza famasia, mfanya usafi, na ikiwezekana mjumbe wa kamati ya afya ya mtaa. Ukiwauliza kwa nini mara tano, jibu la kwanza huwa dawa ilikosekana. La pili: haikukosekana, ilikuwa kwenye friji. La tatu: friji iko famasia. La nne: famasia hufungwa saa kumi jioni. La tano: ufunguo analala nao titulere nyumbani. Mfanya usafi alilijua hilo tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiye hutumwa kuufuata usiku. Badiliko la kujaribu linaonekana lenyewe: sinia yenye ampuli moja, sindano, pamba, na kisanduku baridi karibu na kitanda. Lakini halitangazwi kwa kituo kizima. Linajaribiwa usiku mmoja, na mkunga mmoja, na asubuhi maswali matatu: ilifikika? ampuli isiyotumika ilirudi kwenye friji? barafu ilishinda hadi alfajiri? Jibu la swali la tatu huwa hapana pale umeme wa SNEL ulipokatika mchana na vifurushi vya barafu havikuganda, basi mzunguko wa pili unajaribu kitu kingine: ampuli tatu zihifadhiwe kwenye friji ya chanjo, ambayo ina sola na haiko famasia. Titulere wengi huogopa hilo wakidhani programu ya chanjo inakataza, ilhali Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF na UNFPA yameshatoa tamko la kuruhusu oksitosini ihifadhiwe katika mnyororo baridi wa chanjo, nyuzi 2 hadi 8, ikitenganishwa kwenye kisanduku chake chenye jina.

Kile kiashiria cha usalama ndicho watu husahau. Ukisukuma watu wawahi ndani ya dakika moja, kuna atakayevuta dawa kwenye sindano mapema, na katika msukosuko ikaingia kabla mtoto hajatoka. Oksitosini ya namna hiyo inaweza kupasua kizazi na kumuua mtoto. Kuna pia pacha wa pili: lazima tumbo lishikwe kwanza kuhakikisha hayupo. Kwa hiyo ampuli haivunjwi mpaka mtoto awe amezaliwa, na kila wiki timu inahesabu ni sindano ngapi zilitolewa kabla ya wakati au bila tumbo kushikwa. Namba hiyo inatakiwa iwe 0, na ikiwa 1 kazi inasimama siku hiyohiyo. Kama wiki sita zinazofuata zinatoa 6, 7, 7, 8, 6, 8, nukta zote ziko juu ya mstari, na sasa, kwa mara ya kwanza, kuna haki ya kusema kitu kimebadilika. Hadi hapo fedha iliyotumika ni ya saa ya ukutani, sinia na karatasi.

Wanaopinga wana hoja, na moja ni nzito. Wanasema: ubora gani bila dawa, bila mshahara, bila umeme? Ni kweli kwamba hakuna mzunguko wowote unaozalisha ampuli isiyokuwepo, na muuguzi asiyelipwa miezi mingi ana haki ya kuuona mkutano wa grafu kama kejeli. Ila hesabu za dunia zinazuia hoja hiyo isimeze kila kitu. Tume ya Lancet Global Health ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 8.6 hufa kila mwaka kwa magonjwa ambayo huduma za afya zingeweza kuyazuia yasiue, milioni 3.6 kati yao hawakufika kwenye huduma, na milioni 5 walifika, wakapokelewa, wakapata huduma duni. Sehemu ya huduma hiyo duni ni ukosefu wa dawa. Sehemu ni ufunguo uliolala nyumbani kwa titulere. Anayesema tungoje dawa kwanza anaacha sehemu ya pili iendelee kuua hata siku dawa zitakapokuja.

Hoja nyingine inatoka kwa wasomi: matokeo ya mbinu hizi yanayumba. Sawa, yanayumba. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ilipojaribiwa katika miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, ilifuatana na vifo kushuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kwa taarifa ya 2009. Jimbo la Ontario huko Kanada liliiamuru katika hospitali 101, na mwaka 2014 watafiti hawakuona tofauti ya maana. Uttar Pradesh, India, vituo 60 kati ya 120 vilijaribu orodha ya uzazi salama pamoja na kocha kwa miezi minane: matendo sahihi yalifika asilimia 73 miezi miwili baada ya kuanza, dhidi ya 42 katika vituo vya kulinganisha, lakini vifo vya mama na watoto wachanga havikutofautiana. Na miezi minne baada ya makocha kuondoka, matendo yalikuwa yameshuka hadi 62. Ninalitilia uzito jaribio hili kuliko yote, kwa sababu linaonyesha mipaka miwili kwa pamoja: tendo likiboreka bila ujuzi wa dharura na bila rufaa inayofanya kazi, kifo hakisogei, na kocha akiondoka tendo lenyewe linaanza kumomonyoka. Upande wa pili kuna jaribio la E-MOTIVE, lililotolewa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Pale damu baada ya uzazi ilipimwa kwa mfuko wenye alama za mililita badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yakatolewa yote kwa pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, maji ya mshipa, uchunguzi. Utokaji damu mkali na matokeo yake ulipungua kwa asilimia 60. Tatizo liligunduliwa kwa asilimia 93 ya waliotokwa damu, dhidi ya takribani nusu katika hospitali za kulinganisha. Kipimo kilikuja kwanza, dawa zilikuwa karibu, na takwimu zilirudi kwa timu kila mwezi. Kwa hiyo jibu kwa wasomi si kwamba mbinu hufaulu daima. Hufaulu pale zinapokaa karibu na kitu kinachookoa maisha, na pale mtu anapoendelea kurudi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi mikutanoni: kwamba wahudumu wetu hawajasoma vya kutosha, wapate kwanza vyeti, kompyuta na programu za takwimu. Namba ya katikati hupatikana kwa kuhesabu kwa vidole. Kanuni ya nukta sita haihitaji kikokotoo. Anayeweza kujaza partogramu, chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, ambayo ni grafu ngumu zaidi kuliko hii, ana elimu yote inayotakiwa. Hoja hii kimsingi inatetea soko la vyeti, na nadhani wanaoitoa wanajua.

Basi fedha kidogo iliyobaki iende wapi? Si kazi ngumu kulinganisha. Semina ya siku tano kwa watu 30 ni usiku mwingi wa hoteli, perdiemu 30 mara tano, chakula, na usafiri. Ukizigeuza kuwa mafuta ya pikipiki ya msimamizi wa zoni, zinampeleka kwenye kituo kilekile mara mbili kwa mwezi kwa muda mrefu, saa moja kila mara, akiwa na maswali manne tu: mlijaribu nini, mlitegemea nini, mmeona nini, mtajaribu nini kabla sijarudi. Msimamizi mwenyewe atahitaji kujifunza hilo, maana supervizio tuliyoizoea ni ya kuhesabu makosa kwenye fomu na kusaini kitabu cha wageni. Shule nazo zina nafasi. Taasisi za mafunzo ya uuguzi na tiba za Bukavu na vyuo vikuu vyake hupokea kila mwaka kazi za mwisho wa masomo ambazo wingi wake ni dodoso juu ya maarifa, mtazamo na matendo ya akina mama wa mtaa fulani. Zinatetewa, zinafungwa jalada, zinapangwa kwenye rafu. Mwanafunzi huyohuyo akipewa wiki kumi na mbili za staji, kitendo kimoja cha kupima na mizunguko minne ya kujaribu, atatetea kazi yenye grafu yake mwenyewe, na kituo kilichompokea kitabaki na kitu. Jopo la walimu litalazimika kukubali kwamba badiliko lililoshindikana, likielezwa vizuri, linastahili alama nzuri. Hapo kuna kazi kubwa ya kushawishi kuliko ile ya kufundisha.

Monitoraji ya mwezi haihitaji kufutwa wala kuongezewa siku. Kila titulere aje na karatasi moja, kiashiria kimoja alichokichagua na timu yake, nukta kumi na mbili na mstari wa katikati, na apewe dakika tano kabla ya kusomwa kwa takwimu za kanevasi. Daktari mkuu wa zoni ajue mapema kwamba grafu nyingi za mwanzo zitakuwa mbaya, kwa kuwa kwa mara ya kwanza zitapimwa kwa saa badala ya kalamu ya mwisho wa zamu. Wa kwanza kukaripiwa kwa grafu ya namna hiyo atakuwa wa mwisho kuileta: mwezi unaofuata zote zitapanda.